Ikibiri cha Ndagala

Katika shule yetu ya Magara, mahudhurio ya wasichana hufuata mwezi. Mbalamwezi inapong'aa, taa za wavuvi hazina kazi ziwani, mitumbwi hulala mchangani, na madawati ya wasichana hujaa. Giza likirudi, ndagala, dagaa wa ziwa letu, hurudi nalo, na asubuhi ninapoingia darasani nawakuta wavulana karibu peke yao. Wasichana wako ufukweni: wanaanika, wanageuza, wanafukuza ndege, wanageuza tena. Hakuna aliyewakataza shule. Dhuluma ya mwambao wetu haina kelele. Huku msichana haambiwi asisome, huambiwa tu kwamba samaki wataoza.

Sijapata kuwa mwalimu wa kupendwa kwa urahisi. Nachukia uchelewaji, nachukia uongo, na nachukia zaidi huruma inayoishia mdomoni. Kwa hiyo niseme mapema: ninayoyasimulia sikuyatenda mimi. Nilikuwepo, na ninashukuru kwamba nilikuwepo.

Msichana mwenyewe alikuwa wa darasa la tisa, akilelewa na bibi yake mzaa mama. Bibi huyo alirudi kutoka ukimbizini Tanzania hana shamba wala mume, na kila alichokuwa nacho alikipata kwa kununua ndagala wabichi kwenye mitumbwi asubuhi na kuwauza wakavu kwa wachuuzi wa Bujumbura. Magoti yake hayakukubali tena kuinama. Aliyeinama ni mjukuu. Mwaka ule mtihani wa taifa, ambao msichana asipoufanya safari yake ya shule inaishia hapo, ulikuja katikati ya giza, ndagala wakiwa tele, na mtu mmoja wa Kabonga alikuwa amekwisha kuleta posa kwa bibi.

Huko milimani, watu wana ikibiri: leo wote tunalima kwako, kesho wote kwangu, na deni la jembe hulipwa kwa jembe. Ufukweni desturi hiyo haikuwa imefika. Kila mwanamke ana sehemu yake ya mchanga na nyavu zake alizotandika, na ndagala wa mtu hawaguswi na mwingine, hata mwenyewe akiwa amekwenda kuzika. Anayewagusa huitwa mwizi, na jina hilo likishakupata halikutoki.

Msichana yule aliona jambo ambalo lilikuwa wazi mbele yetu sote. Siku za mtihani madarasa mengine hubaki nyumbani. Akawaomba wasichana wa darasa la nane wawageuzie ndagala yeye na wenzake watatu. Mwaka unaofuata, zamu yao ikifika, yeye atawageuzia wao. Alipokuja kwangu alikuwa amekwisha kukubaliana nao.

"Madamu, twende wote kwa bibi," aliniambia. "Lakini usiseme kitu. Simama tu nyuma yangu."

Nimefundisha miaka mingi, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kunipangia mahali pa kusimama. Nilisimama nyuma yake.

Wasichana wa darasa la nane walitufuata. Tulimkuta bibi ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, fimbo mkononi, akiwatisha kunguru. Kando yake alikuwa jirani yake wa mchangani, mama mmoja ambaye ulimi wake ulijulikana kutoka Magara hadi Kigwena.

"Bibi, ku mutihani nitaenda," msichana alisema. "Ndagala itageuzwa na hawa."

"Hawa ni nani kwangu?"

"Ni ikibiri, bibi."

"Ikibiri ni ya majembe."

Jirani akapiga makofi. "Karatasi hailiwi na bugali! Madamu, weye unakula mushahara. Sisi tunakula ndagala."

Wanawake waliokuwa wakianika karibu wakacheka. Nilifungua mdomo; msichana akageuka akanitazama, nikaufunga.

"Mama," alimwambia jirani, kwa adabu kamili, "simu yako ikileta mesaji ya wachuuzi, unaita nani akusomee? Si mimi? Nikiolewa Kabonga, simu utampa nani? Kunguru?"

Safari hii walicheka zaidi, na jirani mwenyewe alicheka nao. Bibi hakucheka. Alimtazama mjukuu wake kama mtu anayepima uzito wa kitu kabla ya kukinunua.

"Siku ya kwanza, enda," alisema. "Nikikuta ndagala yangu imepungua, siku ya pili unabaki hapa. Na yule mwenye anataka kukuoa, nitamwambia akuje."

Siku ya kwanza ya mtihani walimu wa shule hatukutakiwa vyumbani, nikaenda ufukweni. Wasichana wa darasa la nane walifanya kazi kwa heshima ya kutisha. Walikunja mikono ya nguo ili kila mtu aone kwamba hakuna kinachoingia humo. Bibi alikaa juu ya ndoo yake bila kuondoa jicho.

Mchana upepo wa kusini ulivuma ghafla, kama unavyofanya wakati wa kiangazi. Mawimbi yalipanda mchangani hadi mahali ambapo kwa kawaida hayafiki, na nyavu za chini zikaanza kuelea. Wanawake wengi walikuwa wamekwenda sokoni. Wasichana hawakuuliza ndagala ni wa nani. Walikusanya kila kitu kilichokuwa karibu na maji, wakamimina kwenye turubai moja, wakaliburuta hadi juu barabarani. Nami nilifunga kitenge changu kiunoni nikavuta pembe moja. Maji hayakupata kitu. Lakini ndagala wa bibi, wa jirani yake na wa wanawake wengine wawili walikuwa sasa lundo moja.

Jirani alirudi akihema. Alilitazama lundo, akamtazama bibi, akasema, "Haya, bibi! Leo tumeolewa mume moja."

Hakuna aliyethubutu kucheka. Sote tulijua kwamba ndagala wa bibi walikuwa wa asubuhi ileile, weupe, na wa jirani walikuwa wa juzi na wana mchanga. Kiongozi wa wasichana, nguo imemganda mwilini kwa maji, alipiga magoti.

"Bibi, tulitoa yote. Ilikuwa tuitoe pamoja ama ziwa ichukue."

Bibi alichota ndagala kiganjani, akawanusa, akawaachia wadondoke. Kisha akaomba beseni. Kila mwanamke alisema kiasi alichoanika, na kila mmoja alipimiwa kwa neno lake. Jirani alipofika, alitaja kiasi ambacho hata mimi, nisiye mfanyabiashara, nilijua kuwa ni cha uongo. Wasichana walimtazama bibi. Kama angekataa, ungezuka ugomvi, neno wizi lingetamkwa, na ikibiri kingefia pale. Kama angekubali, hasara ingekuwa yake peke yake, na yeye mwenyewe alikuwa amesema itakuwaje akikuta pungufu.

"Mupimie," alisema bibi.

Jirani alipokea beseni la kwanza, na la pili. La tatu alilishika, akalitazama, akalimwaga kwenye fungu la bibi.

Hata hivyo fungu la bibi lilibaki dogo kuliko la asubuhi. Mjukuu alitokea akikimbia kutoka shuleni, viatu mkononi, macho moja kwa moja kwenye beseni. Aliona. Akasimama.

"Viatu vyako viko na mchanga," bibi alimwambia. "Visafishe. Kesho utaingia ku mutihani namna hiyo?"

Msichana alikaa chini palepale akaanza kuvipangusa kwa ncha ya sare yake, na machozi yalikuwa yanamdondokea juu ya ngozi ya viatu.

Alifaulu, naye sasa anasoma Rumonge mjini. Nimesoma vitabu vingi juu ya haki, na sivibezi. Lakini naiona haki kila ninapomkumbuka mwanamke mzee mwenye magoti mabovu akikubali hasara mbele ya watu ili mtoto arudi kwenye chumba cha mtihani. Murakoze, bibi. Asante.

Mwaka uliofuata, giza na mtihani vilipokutana tena, nilimwona msichana yule akishuka kwenye basi kutoka Rumonge, amekuja kulipa. Alipofika mchangani aliikuta nafasi yake imeshikwa. Jirani mwenye ulimi mkali alikuwa ameinama juu ya ndagala wa watu wengine, akigeuza.

"Umechelewa, mwanafunzi," alisema. "Shika ule upande."