Kimea Kilichoanikwa Melini

Ukipanda meli pale Kasanga, usikimbilie kukaa. Wageni wote hukimbilia kukaa. Sisi wazoefu tulikuwa tunasimama kwanza, tunaangalia. Sakafu imelowa? Pita. Karibu na jiko? Pita, utanukia vitunguu mpaka Kigoma. Na ukiona sehemu nzuri, kavu, imeachwa wazi, na watu wazima wamepita hapo wakaenda kubanana kwingine, mwenzangu, kimbia kabisa. Juu yake kuna bomba la choo.

Hayo sikuyasomea, niliyajua kwa kulowa. Ilikuwa enzi za ruksa, kila mwenye miguu miwili alikuwa mfanyabiashara. Mimi nilipanga chumba mtaa wa Katandala, Sumbawanga mjini. Nilikuwa napakia maharage na unga kwenye lori hapohapo mjini, nateremka nao mpaka Kasanga, napanda meli kwenda Kigoma, kisha narudi na dagaa, mawese na vitenge. Nilienda na kurudi mpaka mabaharia wakawa wananiita shemeji, na sijui nilikuwa shemeji kwa kaka yupi.

Nilikuwa na kanuni zangu, na nilizitoa bure kwa yeyote aliyekaa karibu, atake asitake. Beba mkeka wako, kamba yako na kikombe chako. Ukilala, funga mzigo mguuni. Kula kabla ziwa halijachafuka, ukichelewa utawalisha samaki. Mitumbwi ikija ubavuni kuleta abiria wa vijijini, usiende kuchungulia, maana wote mkichungulia upande mmoja meli inainama na vyombo vya watu vinamwagika. Usirudi na meli uliyoendea, subiri safari inayofuata, uuze na ununue kwa raha zako. Na kanuni mama ya kanuni zote: maneno ya melini huishia bandarini. Mtu atakugawia samaki wake, atakusimulia alivyogombana na mkwewe, mtalia na kucheka pamoja. Mkishuka Kigoma, hata mkono hakupungii. Usimnunie, ndivyo meli ilivyo.

Basi mdogo wangu wa mwisho, muuguzi, alikuwa amepangiwa kazi Kigoma, na huko akapata mchumba. Harusi ikapangwa hukohuko, kwa kina bwana harusi. Mama yangu aliishi kijijini, nje ya Malangali ya kwetu Sumbawanga, na maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona ni ya mto wetu wakati wa masika. Akasema atakwenda.

Tatizo likawa watu. Ilikuwa msimu wa kuvuna, nauli kubwa, na ziwa linatisha asiyelizoea. Shangazi akasema miguu inamuuma. Kaka zangu wakasema watatuma salamu. Salamu! Harusi inajazwa na salamu? Mjomba wetu, kaka pekee wa mama, alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Ukihesabu vizuri, upande wa bibi harusi ulikuwa mimi na mama. Wenzetu wa Kigoma walikuwa na kamati nzima.

Baada ya siku mbili hivi mama akasema, "Watu siwezi kuwabeba. Ulezi naweza."

Alimaanisha pombe. Kwetu Ufipa harusi bila pombe ya ulezi ni kikao tu. Na roho ya pombe hiyo ni kimea: unaloweka ulezi, unaufunika mpaka uote vijimizizi, unauanika ukauke vizuri, ndipo unausaga. Ukioza kabla ya kukauka, huna pombe, una uvundo. Nikamwambia, "Mama, kimea kikavu kimejaa sokoni Sumbawanga. Tununue tuondoke." Akaniangalia juu mpaka chini.

"Kimea cha sokoni kinajua kinakwenda kwenye harusi ya nani?"

Akaja chumbani kwangu na ulezi wake, akauloweka. Mimi sikujali, meli yetu haikuwahi kuwahi hata mara moja. Sasa sikia mambo. Ulezi ndiyo kwanza umeota, uko mbichi umefungamana kama nywele za mtoto, dereva wa lori anasimama mlangoni kwangu anapiga honi: meli imeshatoka Mpulungu kule ng'ambo ya mpaka, mwaka huu wana haraka, kama mnakwenda twendeni! Miaka yote inachelewa, imechagua harusi yetu. Nilimtukana nahodha ambaye hakuwepo. Mama hakutukana mtu. Aliuzoa ulezi wote na unyevu wake, akautia guniani, akapanda lori.

Tuliingia melini mchana, nikamtafutia mama mahali pa kizoefu kabisa. Wala hakupaona. Alilikumbatia gunia lake usiku kucha, na mimi nikalala kama gogo.

Asubuhi aliingiza mkono ndani ya gunia akautoa upesi. "Limeshika joto," akasema. Nikatia na wangu. Haki ya Mungu, lilikuwa na joto la mtoto mwenye homa, na kwa mbali lilishaanza kunuka uchachu. Siku moja zaidi namna ile na kimea kingekuwa mbolea.

Mama yangu si mtu wa kulia. Siku ile alilia mbele ya daraja la tatu zima. "Nitakaa peke yangu kwenye benchi la upande wetu," alisema, "na mikono mitupu. Watasema mtoto huyu ameokotwa." Ndipo nilipoelewa. Mimi nilidhani tunasafirisha pombe. Kumbe kwa mama gunia lile ndilo shangazi, ndilo mjomba, ndio ukoo wote ulioshindwa kuja. Nilimshika mkono na sikuwa na kanuni hata moja ya kumpa.

Pembeni yetu alikuwa ameketi mama mmoja wa Kigoma, mwuza mawese, mnene, mwenye sauti ya kuita mtumbwi ulioko ng'ambo. Tulikuwa tumesafiri pamoja mara nyingi na sikuwahi kumwuliza jina. Akageuka.

"Kwani mnalia nini na jua liko palepale juu?"

"Tutaanika wapi, dada yangu?" mama akauliza. "Hii si nyumba."

"Nani kasema? Mimi nimefua na kuanika humu kuliko kwangu." Akasimama, akajifunga kitenge vizuri. "Ila si hapa. Saa hizi milima ya upande wetu bado inakinga jua. Mchana tunapanda juu katikati. Jioni tunahamia kushoto, linapozama upande wa Kongo. Wewe," akaninyooshea kidole, "unayejifanya mwalimu wa meli, hilo hulijui?"

Sikulijua. Niliinama nikaokota mkeka.

Ulezi ni punje ndogo mno, na mkeka mmoja haukutosha. Mwuza mawese akatoa kitenge kipya kabisa kutoka kwenye mzigo wake wa biashara. Akatazama watu wengine kwa jicho ambalo hukatai. Khanga zikatoka, shuka zikatoka, mpaka turubai la mtu. Tukapanda. Juu kabisa, nyuma ya bomba la moshi, palikuwa na bati pana lenye joto la injini chini yake, mahali ambapo mabaharia huanika sare zao. Kijana wa zamu akatuzuia.

"Hapa abiria hawaruhusiwi, mama."

"Shikamoo yangu iko wapi?" mama akasema.

Kijana akashtuka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Una mama?"

"Ninaye."

"Anajua kwamba unamzuia mama mwenzake kuanika ulezi wa harusi?"

Kijana aliangalia kulia, akaangalia kushoto. Akaanua suruali zake. "Lakini msizibe njia," akasema, akatushikia upande mmoja wa turubai.

Tatizo la pili ni upepo. Ulezi mbichi unakaa unapowekwa, ila ukianza kukauka unaruka kama vumbi. Watu wakajipanga kuzunguka, migongo nje, nyuso ndani, kama wanaota moto. Nilikuwa nimesafiri na watu hawa miaka, kila mtu na gunia lake mguuni. Sasa tuliketi duara moja, tunapekua ulezi kwa vidole na kusimuliana mambo ya wakwe. Jamani, nilicheka siku ile mpaka mbavu zikauma.

Tukafika Kirando. Mitumbwi ikaja, kelele, kuku wanarushwa juu, watu wanapanda wakitafuta nafasi na miguu yao ya matope. Nikaona kundi linakuja moja kwa moja kwenye kimea chetu. Kwenye duara letu alikuwepo mzee mmoja wa Kisukuma, mfugaji aliyehamia bonde la Rukwa na ng'ombe wake, mrefu, mkimya, hatengani na fimbo yake. Akainuka. Akaipitisha fimbo mbele ya ulezi, akapiga mluzi mmoja mkali, na abiria wale wote, watu wazima na akili zao, wakageuka wakafuata njia nyingine. Hata yeye alicheka. Kuanzia hapo kila bandari ilikuwa zamu yake.

Na mama, kila aliyemsaidia alimtajia siku na kanisa, akamwambia maneno yaleyale. "Sina cha kukupa, mwanangu. Karibu harusini." Mwuza mawese, karibu harusini. Mzee, karibu harusini. Kijana wa zamu, karibu harusini, na suruali zako uje nazo. Nikamvuta khanga.

"Mama, unaalika meli nzima!"

"Kwani nimekosea?"

"Hawatakuja. Maneno ya melini huishia bandarini. Mimi nawajua hawa."

"Unawajua," mama akasema. "Huyu anayetulindia ulezi anaitwa nani?"

Nikainamia ulezi. Mwuza mawese alituangalia akacheka mpaka akatikisika. "Undugu ni kufaana," akasema, wala hakumalizia, akaendelea kupekua.

Tulihama na jua siku ile na siku iliyofuata, kama mwuza mawese alivyosema, mchana katikati, jioni kushoto. Tulipokaribia Kigoma mama alitia punje mdomoni akaitafuna. Iliita ka! kwa ukavu. Akafumba macho. Kulikuwa na ladha ya moshi wa meli kwa mbali, akasema, lakini ni kimea. Watu wakapiga vigelegele mpaka nahodha akatoa kichwa dirishani, yule yule niliyemtukana.

Bandarini kila mtu alichukua mzigo wake akatawanyika. Mwuza mawese alikunja kitenge chake chenye vumbi la ulezi akapotelea kwenye wachukuzi. Hakuna aliyepunga. Nilimtazama mama, nikataka kusema nilikwambia, nikaona haya.

Tulisaga, tukapika, pombe ikachacha vizuri. Jumamosi ikafika. Kanisani upande wa bwana harusi walijaa mpaka wengine wakasimama ukutani. Upande wetu, benchi la kwanza: mama, mimi, na wauguzi wawili wanaofanya kazi na mdogo wangu. Mabenchi ya nyuma yetu matupu, yamefutwa yanang'aa. Mama alikaza shingo akaangalia altare.

Misa ikaanza. Nikasikia benchi la nyuma linalia. Nikageuka. Mwuza mawese, amevaa kitenge kilekile, kimefuliwa na kupigwa pasi. Amekuja na wenzake wawili wa duara letu. Benchi likalia tena: kijana wa zamu, sare nyeupe, amenyoa, na nyuma yake mabaharia wengine watatu. Wakaendelea kuingia kidogo kidogo, watu wa maharage, watu wa dagaa, wenye khanga na mwenye turubai, waliokuwa mjini wakisubiri meli ya kurudi. Mwisho akaingia mzee wa Kisukuma, ameshika fimbo, akainamisha kichwa mlangoni, akaja kukaa nyuma ya mama hasa. Mama hakugeuka. Alinyoosha mkono nyuma, na mzee akaushika.

Kwenye sherehe, pombe ilimiminwa na wakwe wakaisifu. Walisema ina moshi fulani mtamu, ni siri ya Ufipa? Mama akasema ni siri. Halafu mshereheshaji akatangaza kama ilivyo desturi: tunaomba upande wa bibi harusi ututambulishe ndugu. Hatukujua jina la mtu hata mmoja.

Mama akasimama, akarekebisha khanga.

"Huyu ni shangazi yake," akasema, na mwuza mawese akainuka akapunga kwa mikono miwili, yeye ambaye bandarini hakupunga hata kidole. "Hawa ni kaka zake," na mabaharia wakainuka wote pamoja. Akaendelea hivyo, binamu, mama mdogo, bila kusita, uso mkavu kama padri. Mimi niliuma khanga yangu nisicheke wala nisilie.

"Na huyu," akasema, sauti ikamshuka, "ni mjomba."

Wakwe walikuwa wameandaa blanketi la mjomba kwa kutimiza desturi tu, maana walijua kwa barua kwamba ameshafariki. Wakatazamana. Kisha baba mkwe akainuka mwenyewe, akalichukua, akamvisha yule mzee mabegani, na mzee akalipokea kwa mikono miwili, fimbo kwapani.

Mdogo wangu alikuwa ameketi kule mbele na shela lake. Alimjua mjomba wetu, alikuwepo tulipomzika. Aliinuka, akakusanya gauni, akapita katikati ya watu wote mpaka kwa yule mzee, akapiga magoti.

"Shikamoo, mjomba."

Mzee akaweka fimbo chini.

"Marahaba, mwanangu," akasema.