Nilimfokea Nesi kwa Injini Yake Kugonga, Kumbe Uchafu Ulitoka Rafuni Kwangu

Nimewahi kutapika kazini mara moja tu. Sikuwa mgonjwa. Yalikuwa mafuta ya injini.

Mimi ni fundi pikipiki, mwanamke, huu mwaka wa tisa. Mikono yangu inaijua grisi kuliko losheni, kwa hiyo mjue si mtu wa kuchefuka ovyo.

Asubuhi moja akaja nesi, mteja wangu wa siku nyingi. Huyu dada huzunguka na pikipiki kuwahudumia wagonjwa majumbani, wale wasioweza kutoka kitandani. Siku hiyo alikuwa anaikokota, jasho linamtiririka.

"Fundi, inagonga," akasema. "Kama kuna mtu ndani anaomba kufunguliwa."

Nikaiwasha. Ngo, ngo, ngo. Nikipiga resi, inazidi.

Nikakaza boliti za injini. Wapi. Nikarekebisha valvu. Bado.

Nikachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye injini, mpini sikioni. Juu kimya. Chini, kwenye krenki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, ndiko kulikokuwa na ngoma.

Krenki ikigonga, injini inafumuliwa yote.

Nikafungua nati ya chini nimwage mafuta.

Yaliyotoka sijui niyaite nini. Mepesi kama maji ya kuoshea vyombo, meusi, yanametameta chembe za chuma kilichosagika.

Na harufu. Vitunguu vilivyoungua, samaki wa juzi, na kitu kilichooza.

Nikamgeukia nesi kwa ukali. "Dada, umeweka uchafu gani humu? Ndiyo mambo ya kununua mafuta kwa wapita njia haya."

Akajibu, "Sijaongeza hata tone. Ni yale uliyoniwekea wewe wiki tatu zilizopita."

Nikacheka kwa dharau. Nikaenda rafuni, nikachukua kopo jipya, lakiri haijaguswa, nikalifungua mbele yake ili aone aibu.

Nikamimina kwenye beseni. Mwanzoni yakaja ya rangi ya asali, safi kabisa. Mwishoni ukashuka ute mweusi, mzito. Ndani ya ute kulikuwa na kipande cha mkia wa panya, bado kina ngozi.

Nikakimbilia mtaroni. Nesi ndiye aliyenishika mgongo huku natapika.

Makopo yale alikuwa ananiletea mjomba wangu, kaka yake mama. Ndiye aliyenifundisha kushika spana. Sikuwahi hata kuyanusa. Unamnusaje mjomba wako?

Nikafunga karakana, nikaenda kwake bila kupiga simu.

Nilimkuta uani, kifua wazi. Fulana yake aliivua, kaifunga mdomoni mwa ndoo, anachujia mafuta. Fulana ileile yenye jasho la asubuhi. Pembeni pipa moja la mafuta yaliyochoka kukaangia chipsi, lingine la mafuta machafu ya injini. Mkewe ameketi barazani, anagandisha lakiri kwenye makopo kwa pasi.

Ndoo zilizopangwa ukutani nikazitambua. Zilikuwa zangu.

Kila wiki alikuwa anakuja kuchukua mafuta machafu ninayomwaga kwenye injini za watu. Aliniambia anapaka nguzo za nyumba zisiliwe na mchwa.

Kumbe yalikuwa yanarudi kwangu. Uchafu nilioutoa kwa mteja huyu, namwekea yule.

"Mjomba, ndiyo nini hii?"

Hakushtuka hata kidogo. "Mafuta hayazeeki, mama. Yanachoka tu. Ukiyachuja yanapumzika."

"Nesi wa watu injini imekufa."

"Injini si mtu. Itafufuka." Akaikamua fulana, akaikung'uta, akaivaa.

Nikabeba ndoo zangu, nikaondoka.

Njiani nikampigia mama. Nilitaka asikitike na mimi, basi. Nikamweleza yote.

Akauliza taratibu, "Kwani hakuacha?"

Nikasimama katikati ya njia. "Mama, ulikuwa unajua?"

"Ni kaka yangu, mwanangu. Ningempeleka wapi? Halafu yule mteja wake wa kwanza injini ilimgandia ghafla kwenye mteremko, lakini alivunjika mguu tu. Alipona."

Mguu tu.

Kichefuchefu cha mkia wa panya kilikwisha jioni ileile. Hiki cha mama ninacho mpaka leo.

Makopo yote niliyapeleka polisi, na nikawaeleza yanakotengenezwa. Nikawapigia wateja mmoja mmoja, nikawaambia wasiwashe pikipiki, wazikokote mpaka kwangu nimwage mafuta. Wengine walinitukana, nikasikiliza mpaka mwisho. Injini ya nesi niliifumua na kuijenga upya kwa siku nne, na siku hizo nne nilimbeba kwa pikipiki yangu nyumba kwa nyumba.

Ukoo umeninunia. Nimeitwa msaliti kwenye kikao ambacho sikualikwa.

Damu ni nzito kuliko maji, nimeambiwa mara nyingi. Sawa. Lakini uzito si usafi. Ndugu yako akikuletea kitu cha kuwapa watu, kifungue kwanza ukikague, hata kama ndiye aliyekulea. Atakayevunjika mguu naye ana mjomba wake.