Mbunge Aliyeunga Mkono

Nimeishi Tunduru nikichekecha mchanga wa vito kwenye machimbo ya watu wengine, nimeishi Mwanza, Makambako, na miji mingine ambako mama mwenye nyumba ndiye aliyeamua siku yangu ya kuondoka. Kote huko nikisema natokea Dodoma, watu walijibu, "Aa, kwa wabunge." Iliniudhi. Dodoma niliyokulia ilikuwa ya vumbi, zabibu na upepo. Wabunge walikuja kwa msimu kama nzige, wakapandisha bei ya kuku na ya vyumba vya gesti, kisha wakaondoka tukapumua. Siku hizi serikali nzima imehamia, na mimi nimerudi kupanga chumba Nzuguni, mahali nilipopaacha pori.

Mjomba wangu, kaka yake mama, analima mpunga upande wa Bahi. Kijiji chake kiko ng'ambo ya korongo. Kiangazi korongo lile ni mchanga mtupu, mbuzi wanalala humo. Mvua zikianza linajaa na kijiji kinabaki peke yake. Wakati wa kampeni mbunge wetu alisimama kwenye mchanga huo akaahidi daraja. Watu wakaguna. Aliyewanyamazisha ni mjomba. Jioni yake alisimama mlangoni pa kilabu cha pombe akasema, "Huyu nimemdhamini mimi. Asipolipigania daraja bungeni, msinipe tena mahali pa kukaa hapa."

Mjomba hana ng'ombe wengi wala sauti kanisani. Anachomiliki ni kuongea kilabuni. Aliweka rehani mali yake yote.

Bunge la bajeti lilipofika, mbunge akaalika wageni kutoka jimboni. Mjomba akaja na koti la kuazima na fimbo. Mimi nikaongozana naye. Getini askari akaitaka fimbo.

"Nikikutana na mbwa humo ndani?" mjomba akauliza.

"Humo hakuna mbwa, mzee."

"Una uhakika?"

Tulipanda jukwaa la wageni. Tulipotambulishwa tukasimama, wabunge wakapiga meza, wageni wote wakakaa isipokuwa mjomba, aliyeendelea kupunga mkono mpaka nikamvuta koti.

Zamu ya mbunge wetu ikafika. Nakiri aliwaka. "Mheshimiwa Mwenyekiti, wananchi wangu wanavuka korongo wameshika mikia ya ng'ombe! Waziri asiponiambia leo daraja hili linajengwa lini, siungi mkono!" Mjomba alinibana goti mpaka likauma. Kengele ikalia.

"Kengele ya pili hiyo, Mheshimiwa. Malizia."

Naye akamalizia kama wanavyomalizia wote. "Mheshimiwa Mwenyekiti, baada ya kusema hayo, naunga mkono hoja kwa asilimia mia moja." Akakaa. Majirani zake wakapiga meza.

Mtu asiyesikiliza Bunge hawezi kuelewa. Maneno yale kwao ni kama amina. Mbunge anaweza kuitukana bajeti tangu kichwa mpaka unyayo, lakini kengele ikilia ataiunga mkono.

"Amesemaje mwishoni?" mjomba akaninong'oneza. Kiswahili chake ni cha sokoni na cha redioni, cha bungeni kilikuwa kinampiga chenga.

"Ameunga mkono."

"Mkono wa nani?"

"Wa hoja. Maana yake amekubali bajeti."

"Ambayo daraja halimo?"

"Ambayo daraja halimo."

Akauliza kwa sauti ya kilabuni, "Kwani mkono wenyewe ulivunjika lini, mpaka kila mtu humu anauunga?"

Tukaombwa kutoka.

Nje mbunge alitukuta akiwa na tabasamu la kupigia picha. "Shikamoo mzee wangu. Umeniona nilivyowasha moto?"

"Marahaba. Nimekuona ulivyouwasha, na ulivyoukojolea."

Mbunge akacheka, halafu akaacha kucheka. "Mzee, ni ulimi tu. Mazoea. Kengele ikilia mdomo unajisemea wenyewe."

Nilimwamini. Mjomba naye alimwamini, na hapo ndipo alipoumia. Nilimsindikiza kijijini, na njiani aliniambia, "Mpwangu, angekuwa ametuuza ningekuwa na la kuwaambia. Sasa nikawaambie ulimi uliteleza?"

Hakuhitaji kuwaambia kitu. Watu wa kijijini walikuwa wamesikiliza redioni. Tulipokaribia kilabu sauti ikatoka ndani, "Asilimia Mia Moja amefika!" na vicheko vikafuata. Hakuna aliyemnyima kiti. Ni yeye aliyekataa kuingia. Alipita na koti lake, akaenda kulala, na miezi iliyofuata alikunywa maji nyumbani kwake akimsimulia mkewe habari ambazo mkewe alishazisikia.

Mvua zilinikuta bado niko kwake, sijapata kisingizio cha kuondoka. Siku korongo lilipojaa kufika kiunoni, mjomba alishuka na kamba, akaifunga kwenye migunga ya pande zote mbili, akavua shati. "Nani anavuka?" akauliza. Aliwabeba mgongoni, mmoja mmoja, na mizigo yao. Nilipotaka kumsaidia alinifukuza: "Wewe uliahidi nini?"

Bibi mmoja, aliyekuwa mcheshi kuliko wote kilabuni na mzito kuliko gunia la mpunga, alipanda akinung'unika. Katikati ya maji akasema, "Baba, taratibu, unanitikisa."

"Nyamaza. Umewahi kuona mtu anagombana na daraja?"

Alipotuliwa ng'ambo alikunja kanga yake, akaikamua, akamtazama mjomba aliyekuwa akitetemeka kwa baridi. "Jioni uje kilabuni."

"Nilisema nisipewe mahali pa kukaa."

"Nani kasema utakaa? Kiti chako ameshakizoea mtu mwingine. Utasimama."

Akaenda, akasimama, akaongea mpaka pombe ikaisha.