Gunia Alilokalia Babu

Juzi niliitwa nyumbani, kule juu ya Nduruma, kushuhudia shamba la babu likigawanywa. Walinipa kiti cha plastiki katikati ya shamba, wakaniambia nitulie. Kutulia sijawahi kuweza, wewe unanijua. Kijana mmoja, mjukuu wa mjomba, alikuwa akibonyeza simu yake huku wenzake wakivuta kamba ya kupimia. Akanijia anacheka. "Bibi, hesabu imekubali! Nyumba tatu, imegawanyika bila baki." Wote wakafurahi. Nyuma yao, penye migomba, alisimama dada wa kijana huyo, aliyerudi kutoka kwa mume, mtoto mgongoni, na hakuna aliyemtazama.

Bila baki. Maneno hayo niliyaogopa tangu nikiwa sijui hata kufunga kanga.

Ilikuwa enzi za Mwingereza. Babu alikuwa na wake watatu, kila mmoja na nyumba yake. Mama yangu, binti wa nyumba ya kwanza, alikuwa amemkimbia baba kule Momela kwa sababu ya kipigo, akarudi kwao na mimi. Tuliishi kwenye kibanda nyuma ya migomba, kibanda cha moshi na harufu ya maziwa yaliyoganda, na binti aliyerudi hahesabiwi kuwa nyumba. Mahindi yalivunwa kule chini Kikwe, yakapandishwa kwa mkokoteni wa maksai. Magunia yalihesabiwa uani, yakagawanywa kwa nyumba tatu sawasawa, na kilichobaki ndicho kilikuwa chetu. Likibaki gunia moja tulikula loshoro, mahindi ya kukoboa na maziwa mgando, hadi tukasahau njaa ina sura gani. Yakibaki mawili, mama aliimba.

Ila mjomba, kaka yake mama, hakuwa mtu wa kuficha neno. "Dada, mwaka lisipobaki gunia, utarudi kwa mumeo." Babu alimsikia. Alikuwa mkali yule mzee. Sikuwahi kumsikia akimwambia mama neno laini.

Shuleni, kwenye darasa la misheni lenye picha ya Mfalme ukutani, kugawanya kwa njia ndefu kulinitesa. Kibao kilijaa tarakimu kabla sijafika katikati, nikafuta kwa mate, nikaanza upya, huku miguu ikicheza chini ya dawati hadi jirani yangu ananifinya. Siku moja mwalimu akatuonea huruma. Akasema ukitaka kujua kama namba inagawanyika kwa tatu, usihangaike kuigawanya. Jumlisha tarakimu zake. Jumla ikigawanyika kwa tatu, na namba yenyewe inagawanyika. Isipogawanyika, kinachobaki kwenye jumla ndicho kitakachobaki kwenye namba. Darasa zima lilishangilia kila namba iliyokubali. Mimi nilishangilia zilizokataa, mwalimu akaniuliza kama nina homa.

Tangu siku hiyo sikupata raha. Zamani nilisubiri mgao kama watoto wengine, nikirukaruka tu. Sasa nilijua jibu kabla ya watu wazima, na kujua kulikuwa kubaya zaidi.

Mavuno ya mwaka ule mkokoteni uliingia uani mawingu yameufunika mlima wote. Babu aliketi juu ya gunia la kwanza kushushwa, fimbo magotini, kama kawaida yake. Mjomba akahesabu kwa sauti, na mimi nikahesabu naye nikiuma ukosi wa gauni. "Hamsini," akamaliza, "na hilo alilokalia baba, hamsini na moja." Tano na moja, sita. Sita inagawanyika. Nikamtazama mama. Alikuwa anapepeta maharage, hajui lolote, na mimi machozi yananitoka.

"Hamsini," babu akasema.

"Baba, na hilo ulilokalia?"

"Hiki ni kiti. Umeona wapi kiti kinagawanywa?"

Tano na sifuri, tano. Yakabaki mawili! Mama akaimba, na kiti kikabaki kiti hadi wageni walipokuja kikapikwa.

Mwaka uliofuata mjomba akajifanya mjanja. Akahesabu arobaini na tano, akaishia hapo. "Kiti sijakihesabu, baba." Nne na tano, tisa. Babu akageuka polepole, akalitazama gunia chini yake kama ndiyo kwanza analiona.

"Kiti gani? Hili si gunia hili? Au macho yako yameharibika?"

Arobaini na sita. Likabaki moja. Watu walicheka hadi wakashika mbavu, wakasema mzee ameanza kuchanganyikiwa, na mimi nikaamini.

Nilikuwa mama wa watoto wangu mwenyewe, nasugua sufuria, nilipokumbuka kwamba miaka yote tuliyokaa pale magunia hayakugawanyika sawasawa hata mara moja. Hesabu haiwezi kuwa na upole kiasi hicho. Nilikaa chini na sufuria mkononi, nikalia kwa uchungu. Babu alikuwa amezikwa zamani, na sikuwahi kumwambia asante.

Siku hizi hakuna tena mkokoteni, wala ua wenye harufu ya mahindi makavu na jasho la maksai. Kuna simu, nayo haikosei. Juzi pale shambani, yule kijana wa simu akanyoosha mkono aniinue, wapige kigingi cha mwisho.

"Hapa nilipokaa mmepahesabu?"

"Ndiyo, bibi. Kila hatua imehesabiwa."

"Pima upya," nikamwambia. "Hapa ni kiti."

Wakatazamana, wakacheka, wakasema uzee umeshaingia. Nikamwita yule binti wa penye migomba aje asimame karibu yangu, na sikuinuka.