Siku Niliyoenda Kwenye Mechi ya Pool na Bomba la Pazia

Najua mkasa huu mmeshausikia na kila mtu kauongezea chumvi yake, kuna anayesema nilibeba na sufuria, kuna anayesema nilizimia, sasa leo nisikieni mwenyewe mwenye aibu yangu, maana aibu ni yangu kweli, siikatai, ila hayo mengine mnayosema kuhusu vifaa nayakataa mchana kweupe.

Mie nacheza pool. Nina mume, nina mtoto wa miezi kumi anaitwa Ilham, nina cheti changu cha kidato cha nne, na nacheza pool (mwenye kununa anune sasa hivi tumalizane). Nilianza kabla sijaolewa, pale bandani mtaani kwetu Kiwalani, na fimbo nilizojifunzia ni zile tatu zinazoegeshwa ukutani, moja imepinda, moja haina ncha, moja ndiyo nzima, na kwa hiyo hiyo nzima nimewafunga wanaume wengi tu ambao siku hizi wakiniona wanakaa kimya utadhani msibani.

Kapteni wetu ni Mudi, rafiki wa mume wangu, ndiyo maana ananiita shemeji. Mudi akija kucheza unaweza kudhani fundi kaja kubomoa nyumba. Ana fimbo mbili za kufunga kwa skrubu, moja ya kuvunjia mipira mwanzo wa gemu na moja ya kuchezea, ana glavu ya vidole vitatu, ana chaki inaning'inia mkandani kwa cheni, ana msasa, ana kitambaa cha kufutia fimbo ambacho ukikigusa anakuangalia kama umemshika mkewe, na vyote hivyo anavipanga mezani robo saa nzima kabla hajagusa mpira hata mmoja. Akishinda anafuta fimbo. Akishindwa anafuta fimbo.

Sasa tukapata mechi na timu ya Kinyerezi, watu wanne kwa wanne, na kila timu lazima iwe na mwanamke mmoja. Wiki moja kabla, Mudi akaniita pembeni.

"Shemeji, Jumamosi kila mchezaji aje na vifaa vyake. Tukienda mikono mitupu watatuona wahuni."

"Kwani kwao hakuna fimbo ukutani?"

"Hakuna vifaa, hakuna namba kwenye timu. Kama huna sema, nimpe namba yule binti wa duka la simu. Yeye ana fimbo."

(Anayo, ndiyo, kaletewa zawadi, na anavyoishika ni kama anatoa utando wa buibui darini.)

Hapo ningesema sina, yakaisha. Badala yake mdomo wangu ukasema, "Ninavyo."

Nikarudi nyumbani nimejikasirikia. Nikachukua jinzi nyeusi ya mume wangu inayombana, nikakata mguu mmoja, nikashona chini, nikaweka zipu juu na mkanda wa begani, na wallahi likatoka begi la fimbo zuri kuliko la Mudi. Shida ni kwamba likiwa tupu linalegea kama soksi. Nikaangaza macho ndani, nikaona bomba la pazia la dirisha la jikoni, urefu wake umelingana kabisa, nikalitumbukiza, na ili begi linenepe kidogo nikaongeza mwiko wa ugali. Glavu nikatengeneza kwa soksi, nikaitoboa matundu matatu. Hesabu yangu ilikuwa hivi: nifike nalo begani wote walione, zamu yangu ikifika niseme ncha ya fimbo yangu imebanduka njiani, nicheze na ya ukutani nilivyozoea. Nani atafuatilia?

Jumamosi alasiri tukafika Kinyerezi, wifi yangu Zuhura kanibebea Ilham, mie nimevimba na begi langu. Mudi aliponiona alipiga makofi. "Sasa huyu ndiye mchezaji!" Akanisimamisha katikati tukapiga picha, na akanigeuza kidogo ili begi lionekane (picha hiyo bado anayo, Mungu anamwona). Gemu ya kwanza tukashinda, ya pili wakashinda wao, ya tatu ikawa yetu sisi wanawake.

Mpinzani wangu aliitwa Neema, dada mpole, mnene mnene, anatabasamu kwa kila mtu, na pembeni yake kaweka kisanduku kama cha fundi umeme. Nikakohoa kidogo, nikasema, "Jamani, ncha ya fimbo yangu imebanduka njiani. Nitatumia ya ukutani."

Nilitegemea aniambie pole, tuanze.

"Pole dada!" akasema. "Mbona hiyo ndogo? Lete." Akafungua kisanduku, na humo mlikuwa na gundi, ncha za akiba, wembe, msasa, na koleo juu yake. "Dakika tano tu nimekuwekea nyingine."

"Hapana, dada, usijisumbue."

"Kujisumbua gani, na wewe ni mwenzangu?"

Yaani katika hesabu zangu zote sikuwaza kwamba hawa watu hubeba mpaka dawa ya uongo wangu. Nikalikumbatia begi. Mudi naye, kwa kiherehere chake, akaja akijua ananisaidia. "Shem, mpe, usione haya, huyu fundi." Akalichomoa begani, akavuta zipu, akaingiza mkono.

Likatoka bomba la pazia. Na pete zake, maana kwa haraka zangu sikuzivua, zikachuruzika mezani cheng cheng cheng, na moja ikabingirika taratibu ikaingia kwenye shimo la kona, safi kabisa, ikawa ndiyo ya kwanza kufunga katika gemu yangu. Mudi haamini, akatikisa begi. Ukaanguka mwiko, na pembeni una ugali mkavu.

Neema bado kashika gundi. Akaliangalia bomba huku na huku, akaniuliza kwa upole wake ule ule, "Dada, ncha ilikuwa upande gani?"

Jamani! Banda lilipasuka. "Kapteni, huo mwiko ni wa kuvunjia au wa kuchezea?" "Mama, dagaa umewaacha wapi?" "Mleteeni unga!" Na Ilham wangu, alivyouona mwiko, akaanza kulia anataka kula, Zuhura anacheka mpaka anataka kumwangusha mtoto, Mudi kajifunika uso kwa kile kitambaa chake kitakatifu.

Nilitaka kuondoka. Lakini ningeondoka, namba ndiyo imekwenda. Nikavua ile glavu yangu ya soksi, nikachukua poda ya Ilham nikajipaka vidoleni, nikachagua fimbo ukutani, nikasema, "Mmemaliza kucheka? Tucheze." Nikacheza, ndugu zangu. Nilifunga mpaka kicheko kikapungua, kikaisha, na Neema akaanza kusahau kutabasamu. Ukabaki mpira mweusi peke yake, ule wa mwisho, karibu na shimo la katikati, mtoto angeufunga. Nikaupiga. Ukaingia. Nikarusha fimbo juu, nikapiga kelele, Zuhura akapiga kigelegele, na tulipogeuka mezani tukauona mpira mweupe unajikokota, unajikokota nyuma ya mwenzake, nao ukadumbukia.

Mweupe ukiingia pamoja na mweusi, umeshindwa. Nikabaki nimenyanyua mikono.

Na hapa ndipo ninapokasirika mpaka leo. Wote wakaja na pole zao. "Ungekuwa na fimbo yako ungeshinda." Hata Neema. Hata Zuhura! Hapana, jamani. Ule mpira niliupiga kwa nguvu za hasira wakati ulitaka kuguswa tu. Ni mkono wangu uliokosea, na ni mkono huo huo uliofunga mingine yote. Nimeshindwa mimi, msinipokonye hata kushindwa kwangu mkaipa fimbo.

Kesho yake jioni bandani kwetu, mbele ya watu, Mudi akatangaza kwamba shemeji atapumzika mpaka apate vifaa, namba anachukua binti wa duka la simu.

Nikamweka Ilham mgongoni, nikamfunga vizuri, nikaenda ukutani. Ile fimbo nzima nikaiweka mezani upande wa Mudi. Mie nikachukua iliyopinda.

"Shem, tucheze. Sasa hivi. Ukinifunga, namba yangu chukua, na pool naacha."

Mudi akaiangalia ile fimbo, akajipapasa mkandani, akajipapasa mifukoni.

"Leo haiwezekani, shemeji," akasema. "Sikuja na fimbo zangu."

Basi sitadanganya tena kwamba nina kitu ambacho sina, hilo nimeapa mbele ya mwanangu, na aibu niliyoipata imenitosha mpaka uzeeni. Lakini namba yangu sijaiachia. Kila jioni nipo pale bandani na Ilham mgongoni, na Mudi kila nikimwita mezani anasema anakuja, anamalizia kufuta fimbo.