Landrova ya Kusukumwa na Gari la Ufunguo

Mnisamehe mwandiko wangu na herufi nitakazokosea. Niliishia darasa la saba, na kalamu naishika mara chache. Ila juzi lori lilipita hapa Murusagamba, likaacha harufu ya dizeli katikati ya migomba, nikaikumbuka Landrova ya baba.

Aliirithi kwa babu. Viti vilikuwa vimetoboka, mlango mmoja ulifungwa kwa kamba, na starta ilikufa kabla sijazaliwa. Kwa hiyo kila asubuhi ilisukumwa. Baba alipiga honi, majirani wakaacha majembe, wakaja wakitaniana. Mzee Bujiku, Msukuma aliyehamia kwetu na ng'ombe wake, hakukosa neno. "Hata fahali wangu mzee huamka mapema kuliko hili," alisema, huku bega lake likiwa la kwanza kwenye bodi.

Nilipofika miaka minane baba alinunua gari dogo jeupe, la automatiki, lenye redio. Hilo lilitaka ufunguo tu. Landrova ikaachwa nyuma ya jiko, kuku wakatagia ndani. Baba akawa anapita kwa Mzee Bujiku vioo vimefungwa, kwa ajili ya vumbi. Sisi watoto tuliona hayo ndiyo maendeleo.

Asubuhi moja mama alishikwa na uchungu. Baba alikuwa amesahau kuzima redio tangu jana yake, betri ikaisha. Kwa mazoea ya Landrova akaliachia gari mteremkoni ili liwake. Hakujua kwamba la automatiki haliwashwi hivyo. Lilishuka kimya mpaka mtoni, likasimama kwenye matope.

"Leokadia," akaniambia, "kawaite kina Bujiku."

Mimi nina aibu tangu utoto, na niliogopa watakataa, maana siku nyingi hatukuwaita. Nilifika mlangoni nikasema "Shikamoo" tu, nikaanza kulia.

"Marahaba. Ni mama yako?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na gari la vioo?"

"Liko mtoni."

Alicheka kidogo, akawapigia mluzi wanawe na majirani. Walikuja kwetu, wakafukuza kuku kwenye Landrova, wakamlaza mama kwenye kiti cha nyuma, baba akashika usukani, wakasukuma. Mara ya tatu Landrova ilikohoa, ikawaka.

"Nenda salama, Mama Leokadia," mzee akasema. "Hili letu linaijua njia."

Mdogo wangu alizaliwa mara tu walipofika zahanati. Baba aliporudi hakuja nyumbani kwanza. Alisimama kwa Mzee Bujiku, akashuka bila kuzima injini.

Siku ile neno "letu" lilinishangaza, kwa kuwa gari lilikuwa la baba. Nimelielewa ukubwani. Gari jeupe lilikuwa zuri, lakini halikumhitaji mtu, na sisi tukaanza kufanana nalo.

Nanyi mliosoma mpaka hapa, niandikieni, hata kwa penseli. Niambieni, kwenu nani alikuwa anasukuma?