Toleo Jipya Lipo Njiani

Tangu niolewe kwa akina Psaila, pale St Albans, mtaa wa wahamiaji, sijawahi kuanika nguo siku ya Jumamosi. Shuka jeupe likipepea uani, njiwa anayerudi kutoka mbali huliogopa, akazungukazunguka juu ya paa badala ya kutua, na huko juu ndiko ushindi wa baba mkwe wangu unakopotelea. Hivyo ndivyo nilivyoelezwa wiki ya kwanza ya ndoa. Mama mkwe wangu Tona, Mungu amrehemu, alinikonyeza akaniambia nizoee kufua Alhamisi.

Baba mkwe anaitwa Leli. Alikuja kutoka Malta akiwa kijana, akafanya kazi kiwanda cha matairi mpaka kilipofungwa, lakini maisha yake hasa ameyaishi uani, mbele ya banda la njiwa. Ni mtu mwema, ila ana shaka kama wengine walivyo na pumu. Humshuku mwokaji kwamba amepunguza jibini kwenye pastizi, zile sambusa za kwao. Humshuku daktari kwamba anasoma kitu kingine kwenye kompyuta. Ukimsifia njiwa wake mmoja, atataka kujua unamtakia nini. Na wenzake klabuni ni wale wale. Ijumaa jioni wanapokutana kwenye kibanda chao cha bati kupakia njiwa kwenye lori, kila mtu anatazama mikono ya mwenzake kuliko anavyotazama ndege wake.

Lori huwapeleka njiwa kaskazini usiku kucha. Alfajiri wanafunguliwa, na kila mmoja anarudi kwao. Mguuni ana pete, na mlangoni mwa banda kuna kibao. Akikikanyaga, kibao kinaiarifu simu ya mwenye njiwa. Hapo mwenyewe, akiwa amesimama pale pale bandani, anabonyeza kitufe kuthibitisha, na huo ndio muda unaohesabiwa. Kitufe hicho kiliwekwa kwa sababu ya Leli. Programu ilipoanza kutumika, alisimama mkutanini akasema mashine isiyosimamiwa na mtu itaibiwa na mtu, na wote wakapiga makofi.

Aliyeitengeneza programu hiyo ni Kire, mwanachama mwenzao, Mmasedonia mpole ambaye kazi yake ilikuwa ya kompyuta bandarini. Aliitengeneza bure, kwa mapenzi. Kwa miaka mingi ilikwenda vizuri, na hakuna aliyemkumbuka Kire hata kwa asante.

Mwaka huu simu za watu zilijisasisha zenyewe mwanzoni mwa msimu, na programu ikaanza kusuasua. Unabonyeza kitufe, hakiitikii. Unabonyeza tena, kinafikiria. Njiwa ameshakunywa maji na kulala, simu bado inazunguka. Watu wakalalamika kwenye kundi la klabu, na Kire akajibu: "Nimeona. Toleo jipya lipo njiani, na kitufe nitakiondoa kabisa." Ilikuwa majira ya baridi. Kila aliyeuliza baadaye alipewa jibu lile lile, tena fupi zaidi, na mwishowe likabaki "Lipo njiani" tu, bila hata nukta.

"Njiani kutoka wapi?" aliandika Noelene, katibu wa klabu, mama asiye na breki mdomoni. "Maana njiwa wangu wanatoka Bourke, kule mbali kaskazini, kwa siku moja."

"Labda linakuja kwa miguu," mwingine akajibu.

"Kire, bwana, tuambie tu umekwama wapi. Hatukuli."

Alisoma, maana alama za kusoma zilionekana, ila hakujibu. Na mtu akinyamaza mbele ya watu wa njiwa, wao humjazia maneno wenyewe.

Leli ndiye aliyeanza kuyajaza, klabuni kwanza, kisha nyumbani. Jioni moja alikaa jikoni na chai yake, miwani kwenye paji la uso, akanipangia kesi nzima.

"Sikiliza, mwanangu. Kire mwaka huu harushi njiwa. Anasema anapumzika amalize programu. Sawa. Programu imekwisha?"

"Haijaisha, baba."

"Haijaisha. Halafu binamu yake Mite, ambaye tangu nimjue hajashinda hata bahati nasibu ya kanisani, ghafla anashinda kila wiki. Kitufe kinamkwamia kila mtu, Mite hakimkwamii. Kwa nini?"

"Labda ana simu mpya."

"Labda ana binamu," alisema Leli.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Mshindi hupatikana kwa kasi, na kasi hutokana na umbali mpaka banda la mwenye njiwa. Mite anakaa ng'ambo ya reli, mbali kidogo kuliko Kire ukipima kutoka njiwa wanakofunguliwa. Njiwa wa Mite akitua kwa Kire, na Kire akaandika kwenye kompyuta yake kwamba ametua kwa Mite, ataonekana ameruka zaidi ya alivyoruka. Kwa hiyo Kire hataki kutengeneza kitu. Anawachelewesha wote makusudi mpaka msimu uishe.

Ningemcheka, lakini nilijua kilichomkaa moyoni. Huu ulikuwa msimu wake wa mwisho. Nyumba tumeiuza, ngazi zimemshinda magoti, na nyumba tunayohamia haina ua wala hairuhusu ndege. Alikuwa amebakiza kitu kimoja: mbio za kufunga msimu, kutoka Bourke, ndefu kuliko zote. Klabuni kuna ubao wa washindi wa Bourke, herufi za dhahabu, na jina la Psaila halimo. Tona alikuwa akimtania kwamba ataolewa tena na mmoja wa walioko kwenye ubao. Na mwaka huu Leli alikuwa na jike wa kijivu, mjukuu wa njiwa ambaye Tona alimlea kwa mkono jikoni. Hakumpa jina. Humwita "wa Tona", basi.

Jumamosi ya Bourke mume wangu alikuwa kazini uwanja wa ndege. Mchana ule upepo ulikuwa wa kaskazini, wenye joto, unaowasukuma njiwa nyumbani. Leli alitakiwa awe kwenye kiti chake uani, kofia kichwani, anatazama anga. Badala yake alikuja mlangoni amevaa viatu vya kutokea.

"Washa gari."

"Baba, leo ni Bourke."

"Nimepiga hesabu. Hawafiki kabla ya saa kumi. Twende kwa Kire tukaangalie mara moja, turudi. Nataka nione njiwa wa Mite wanatua wapi. Nikimkamata leo, jina la Mite halitaandikwa kwenye ule ubao."

Nilimwambia huo ni wazimu. Mtu wa njiwa haachi banda lake siku ya Bourke. Wapo waliokosa harusi za watoto wao kwa ajili hiyo. Alinitazama kwa macho ya mtu ambaye hajalala vizuri tangu majira ya baridi. Nikawasha gari.

Tuliegesha kwenye kichochoro nyuma ya ua wa Kire. Leli akazima simu kabisa ili isije ikalia ikamsaliti. Akasimama juu ya kreti la maziwa lililotupwa pale, mzee wa magoti yale, mimi nimemshika mkanda asianguke, na akachungulia juu ya uzio. Hakutaka kushuka. Mwishowe nikapanda kwenye ukingo wa uzio nami nikaangalia.

Banda la Kire lilikuwa tupu. Si tupu la njiwa waliotoka. Lilikuwa limesuguliwa, limepakwa chokaa, halina unyoya. Ndani yake Kire alipiga magoti, amevaa barakoa nene ya mafundi, kompyuta pembeni juu ya ndoo. Mkononi alishika mwiko wa kupikia. Kwenye ncha ya mwiko alikuwa amefunga pete ya njiwa kwa mpira. Akawa anaugusisha kwenye kibao taratibu, anaangalia kompyuta, anatikisa kichwa, anagusisha tena, kwa haraka safari hii, kisha kwa kuruka-ruka. Halafu akaanza kukohoa. Alikohoa mpaka akashika nguzo.

Kreti likalia chini ya miguu ya Leli, na Kire akainua macho.

"Mzee Leli." Hakukasirika. Alivuta barakoa shingoni. "Leo si Bourke?"

"Njiwa wako wako wapi?" aliuliza Leli.

"Kwa Mite. Wote. Nilimpa rasmi, kwa karatasi zote. Amewazoesha banda lake, wanatua kwake, si hapa." Akapumua kwanza. "Ni mapafu, mzee. Vumbi lao. Daktari amesema nikiendelea kukaa nao sitafika Krismasi nyingi."

Leli alishusha macho. Ugonjwa huo wanaujua wote na hakuna anayeutaja. Wote wanakohoa, wote wanasema ni baridi, maana siku mke wa mmoja wao akisikia, kufikia Jumatatu wake zao wote watadai mabanda yabomolewe.

"Ungetuambia tu. Watu wanakusema vibaya."

"Ningewaambia nini? Sheria ya klabu inasema saa ya mbio, yaani programu hii, inatunzwa na mwanachama mwenye njiwa wake. Noelene angeniondoa siku hiyo hiyo, na angekuwa sahihi. Njiwa wameondoka. Kilichobaki ni hii tu." Akauinua mwiko. "Ndiyo maana inachelewa. Kuondoa kitufe lazima nijue njiwa anavyokanyaga kweli, na inavyokuwa asipokanyaga. Mwiko hautui kama njiwa, mzee. Nimejaribu kila namna."

Hapo ndipo kompyuta iliyokuwa juu ya ndoo, inayopokea ishara za vibao vyote vya klabu, ikalia. Kire akaigeukia, akasogeza uso karibu, na nikaona rangi yake inabadilika.

"Wa Tona," alisema. "Yuko kwenye kibao chako. Sasa hivi. Mzee, wa kwanza. Hakuna hata njiwa mmoja wa klabu aliyefika."

Upepo ule wa kaskazini ulikuwa umemcheka Leli na hesabu zake. Alijipapasa mfukoni akatoa simu, nyeusi, imezimwa, na hata ingewaka isingefaa, maana lazima iwe bandani. Sijawahi kuuona uso wa mtu ukizeeka mbele yangu vile.

Kire alitazama kompyuta, kisha akamtazama yeye. "Naweza kukubonyezea nikiwa hapa hapa," alisema polepole. "Hilo ulilosema klabuni ni kweli. Siku zote naweza."

"Bonyeza," nilisema mimi. Sioni haya. Ndege alikuwa amefika kihalali, na mimi nilitaka jina hilo kwenye ubao kwa ajili ya Tona. "Baba, mwambie abonyeze."

Leli alishikilia uzio kwa mikono miwili. "Umewahi kumbonyezea mtu?"

"Sijawahi."

Walitazamana. Namjua baba mkwe wangu. Alikuwa anapima kama aamini au asiamini, hata wakati ule, na njiwa wake amesimama juu ya kibao.

"Basi usianze na mimi," alisema, na akaniambia niwashe gari.

Taa za Main Road zote zilituonyesha nyekundu. Tulipofika, wa Tona alikuwa ameshakunywa maji, amejikunyata pembeni, na Leli akasimama bandani kubonyeza kile kitufe alichokidai mwenyewe, kikakwama, akabonyeza tena mpaka kikakubali. Mite alikuwa ameshatangulia. Tofauti yao ilikuwa ndogo kuliko safari yetu ya kurudi, na njiwa aliyeshinda alizaliwa kwa Kire.

Wiki iliyofuata toleo jipya likatoka, bila kitufe, safi kabisa. Kundi zima likalipuka.

"Msimu umeisha juzi na programu imepona leo," aliandika Noelene. "Na binamu kachukua Bourke. Sisi ni watoto? Leli, wewe ndiye uliyesema tangu mwanzo. Sema sasa."

Leli alisoma mezani, nami nikimwangalia. Angemtetea Kire, ingebidi ataje mapafu na banda tupu, na Kire angenyang'anywa kile alichobakiwa nacho. Angetaja wa Tona, ingebidi aseme alikuwa wapi. Aliandika, akafuta, akaandika tena. Alichotuma ni: "Sina la kusema."

Noelene alijibu baada ya muda. "Ahaa. Na wewe wamekulisha nini?"

Ijumaa ya kuagana klabuni walimpa keki na kikombe, na hakuna aliyekaa meza yake isipokuwa mimi na mume wangu. Mzee aliyewafundisha wote kushuku alikula keki yake huku wakimtazama mikono. Niliumia, na nilitaka kusimama niwaambie kila kitu. Alinishika mkono chini ya meza akaniambia, "Kula, mwanangu. Ni mimi niliyewazoesha."

Njiwa wake aliwagawa mmoja mmoja, huyu kwa huyu, yule kwa yule. Wa Tona alimpeleka kwa Mite. Jumamosi hizi Kire huja mpaka pale, anakaa ndani ya gari nje ya ua, vioo vimefungwa, akimtazama akitua. Leli hukaa kiti cha pembeni. Wanatazama wote wawili.

Noelene aliwaona wiki iliyopita alipokuwa akipita. Alipunguza mwendo, akawaangalia vizuri, na kabla hajafika nyumbani kundi zima lilikuwa limeshapata ujumbe wake: "Sasa mmeamini?"